Frank Bowden wa Raleigh: Alijenga jina kwa vipuri vinavyooana

JINA la Raleigh halihitaji maelezo marefu kwa mkazi wa Mombo. Katika mji huu mdogo wa wilaya ya Korogwe, mahali ambapo barabara ya kupanda Soni na Lushoto inaachana na barabara kuu ya Segera kwenda Same na Moshi, baiskeli ya chuma imebeba mpunga, mkaa, madumu ya maji na abiria kwa vizazi kadhaa. Zipo ambazo mjukuu amezirithi kwa babu yake na bado zinamletea riziki.

Wasiojulikana sana ni watu walioifanya baiskeli hiyo iwe na sifa hiyo. Wa kwanza kati yao ni Frank Bowden, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1848 na kufariki mwaka 1921. Bowden hakuwa fundi. Hakubuni baiskeli, wala hakubuni waya wa breki, ingawa wapo wanaompa sifa hiyo hadi leo kwa sababu ya jina lake. Alikuwa mfanyabiashara aliyejua kuchagua kifaa kizuri, kukiweka mahali pake na kukiuza kwa namna ambayo mnunuzi hajuti.

Maisha yake yana funzo kwa mkulima au mchuuzi anayetaka kubadili breki za baiskeli yake kuukuu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilometa zipatazo 33, sehemu kubwa ikiwa mteremko na kona kali, na tofauti ya mwinuko kati ya miji hiyo miwili ni karibu mita 1,000. Mtu anayeshuka hapo na tenga la nyanya nyuma ameweka mzigo wake na maisha yake kwenye vipande vinne vya raba.

Maradhi yampeleka kwenye baiskeli

Bowden alizaliwa Januari 1848 katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Akiwa bado kijana alikwenda Hong Kong, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza, na huko akapata utajiri mkubwa.

Lakini utajiri haukumlinda na maradhi. Alirejea kwao akiwa na afya dhaifu, na inasimuliwa kuwa hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Madaktari walimshauri aendeshe baiskeli. Alianza na baiskeli ya magurudumu matatu, akafanya nayo safari ndefu, na nguvu zikamrudia. Tangu hapo aliamini kuwa baiskeli ndiyo iliyomwokoa, na baadaye aliandika kitabu kidogo cha kuwahimiza watu waiendeshe kwa ajili ya afya zao.

Mwaka 1887 alinunua baiskeli mpya iliyoitwa Raleigh, ambayo alikuwa ameiona kwenye dirisha la duka jijini London. Ilikuwa ya mtindo uliokuwa mgeni wakati huo: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mtindo huo ndio tunaouona barabarani hadi leo. Kabla yake watu walipanda baiskeli zenye gurudumu kubwa mno mbele, na aliyeanguka kutoka juu yake aliumia vibaya.

Baiskeli ile ilimpendeza. Mwaka uliofuata, 1888, alifunga safari hadi mji wa Nottingham kuona inakotengenezwa. Alikuta karakana ndogo katika mtaa wa Raleigh, ambao ndio uliokuwa chanzo cha jina. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1885 na Richard Woodhead na Mfaransa Paul Angois, na baadaye William Ellis akaongeza mtaji. Bidhaa ilikuwa nzuri, lakini inaelezwa kuwa zilikuwa zikitoka baiskeli tatu tu kwa wiki.

Bowden aliona kile ambacho mwekezaji makini hukitafuta, yaani bidhaa bora iliyokosa mtaji na uongozi. Alinunua sehemu ya Ellis, na Desemba 1888 ikaundwa kampuni ya Raleigh. Yeye alichukua hisa 5,000 za pauni moja moja, na Woodhead na Angois wakagawana nyingine 5,000. Hakuwafukuza waliojua kazi. Mpango wake ulikuwa kuongeza idadi ya baiskeli, kupunguza gharama za uendeshaji na kumsikiliza mteja anataka baiskeli ya namna gani.

Sifa za uwanjani, kazi ya kiwandani

Hatua iliyofuata ilikuwa kulitangaza jina. Mwendesha baiskeli maarufu wa Marekani, Arthur Zimmerman, alishindana akiwa juu ya Raleigh, na mwaka 1893 akawa bingwa wa dunia katika mashindano yaliyofanyika Chicago. Kwa mnunuzi wa kawaida, ushindi huo ulikuwa tangazo kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Hata hivyo, Bowden alijua kuwa sifa za uwanjani haziwezi kuficha kazi mbovu. Katika miaka ya 1890 alimwajiri George Pilkington Mills, mshindi wa mbio za Bordeaux hadi Paris za mwaka 1891, asimamie kiwanda. Zilinunuliwa mashine za kisasa, na viungio vya fremu vikaanza kutengenezwa kwa bamba la chuma lililokandamizwa badala ya chuma cha kumimina kwenye kalibu, ambacho ni kizito. Raleigh ikajitangaza kuwa baiskeli ya chuma tupu.

Mwaka 1897 kampuni ilikamilisha kiwanda kipya chenye eneo la ekari saba na nusu. Karakana ya baiskeli tatu kwa wiki ilikuwa imekuwa kiwanda kikubwa katika muda usiofika miaka 10.

Soko lapanda, soko laporomoka

Kufikia mwaka 1896 Uingereza ilikuwa imeingiwa na homa ya baiskeli. Kila mwenye akiba alitaka hisa za kampuni za baiskeli. Aliyekuwa maarufu kwa biashara hiyo ni Ernest Terah Hooley, ambaye alinunua makampuni na kuyauza tena kwa umma kwa bei ya juu zaidi. Raleigh nayo ilipitia mikononi mwake mwaka huo.

Wakulima wanaijua hali hii. Bei ya zao ikipanda msimu mmoja, wote hulima zao hilo msimu unaofuata. Viwanda vya baiskeli viliongezeka kupita mahitaji, baiskeli za bei nafuu kutoka Marekani zikaingia, na bei zikaporomoka. Mwaka 1898 Hooley alifilisika. Makampuni mengi yaliyokuwa yameuzwa kwa bei ya kuruka yalibaki na mizigo ya madeni na wanahisa wenye hasira.

Raleigh ilinusurika kwa sababu ilikuwa na kiwanda halisi na bidhaa inayoaminika. Lakini njia haikuwa fupi. Ilikuwa hadi mwaka 1908 ndipo Bowden akawa mmiliki pekee wa kampuni hiyo.

Bowden mwingine na waya wake

Katika miaka hiyo ya misukosuko ndipo hadithi ya breki inapoingia. Mwaka 1896 mtu mwingine mwenye jina la Bowden, Ernest Monnington Bowden kutoka Ireland, alisajili uvumbuzi wake: waya laini wa chuma uliosokotwa, unaoteleza ndani ya ganda gumu lililopindwa kama springi. Mtu akivuta upande mmoja, nguvu inafika upande wa pili hata kama waya umepita kwenye kona. Ndio waya wa breki unaouzwa hadi leo katika kila duka la vipuri.

Magazeti ya baiskeli ya wakati huo yaliusifu sana. Lakini muda si mrefu malalamiko yakaanza kumiminika. Mvumbuzi hakuwa na mtandao mzuri wa wauzaji, na breki zake zilifungwa na watu wasiozielewa au kwenye baiskeli zisizofaa. Zilifanya kazi vizuri zaidi kwenye ringi za chuma za aina ya Westwood, ambazo zilizipa raba mahali pazuri pa kukandamiza. Kwenye ringi nyingine hazikukamata ipasavyo. Kifaa kilekile kilisifiwa na mmoja na kulaaniwa na mwingine, na tofauti ilikuwa ringi na mkono wa fundi.

Kulikuwa na sababu nyingine. Baiskeli nyingi za wakati ule hazikuwa na gia inayoachia. Pedeli zilizunguka muda wote gurudumu likizunguka, na mpandaji alipunguza mwendo kwa kuzizuia kwa miguu. Kati ya mwaka 1899 na 1901 gia inayoachia ilienea, na mtu akaweza kuteremka mlima bila kupiga pedeli. Starehe hiyo ilikuja na hatari yake, kwa kuwa miguu haikuwa tena breki. Sasa kila baiskeli ilihitaji breki ya kweli.

Frank Bowden alikuwa tayari. Januari 1900 kampuni yake ilipata leseni ya kutumia uvumbuzi wa Ernest, na Raleigh ikaanza kuuza breki ya waya kama kifaa cha ziada kwenye baiskeli zake. Kwa kuwa majina yao yalifanana, wengi baadaye walidhani ni mtu mmoja. Ernest alifariki mwaka 1904, kabla ya kuona waya wake ukienea kwenye pikipiki na mashine nyingine nyingi.

Mwaka 1902 Bowden alifanya jambo kama hilo tena. Henry Sturmey na James Archer walikuwa na gia za mwendo wa aina tatu zinazokaa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Chini ya uongozi wake ikaanzishwa Sturmey-Archer, na gia hizo zikapata umaarufu duniani kote. Za kubadilishia mwendo huo zilivutwa kwa waya uleule wa Bowden. Kifaa kimoja kilikuwa kimetengenezewa kingine.

Wakati hayo yakitendeka Ulaya, reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mji huo ukawa mahali pa kushushia na kupakia mizigo ya milima ya Usambara, kazi ambayo barabara imeiendeleza hadi sasa.

Jina labaki baada ya mwenyewe

Mwaka 1915, kwa huduma zake, Bowden alipewa cheo cha heshima na Mfalme wa Uingereza na kuanza kuitwa Sir Frank. Alifariki Aprili 1921 akiwa na miaka 73, zaidi ya miaka 30 tangu maradhi yalipomfanya apande baiskeli. Mwanawe Harold alishika uongozi wa kampuni.

Katika miongo iliyofuata baiskeli za Raleigh zenye breki za fimbo zilienea Afrika Mashariki. Viwanda vya India na China vilifuata muundo huohuo, na ndiyo maana Phoenix ya Shanghai na Hero na Avon za Ludhiana zinafanana sana na Raleigh ya zamani. Sturmey-Archer iliuzwa kwa kampuni ya Taiwan mwaka 2000, na mwaka 2002 utengenezaji wa Raleigh mjini Nottingham ukafikia mwisho. Mwenye Raleigh ya chuma anayetafuta breki, kwa hiyo, hatarajii tena kipuri kipya kutoka kiwanda kile cha ekari saba na nusu. Anachagua kati ya vilivyopo sokoni, na hapo ndipo funzo la mwaka 1896 linapomhusu.

Anza na ringi, si na bei

Kosa la wateja wa Ernest Bowden linarudiwa kila siku: mtu ananunua breki kwa sababu ni nafuu au inang'aa, kisha anamtaka fundi aifunge kwa nguvu. Kinachotakiwa kuangaliwa kwanza ni ringi.

Ringi ya Raleigh ya breki za fimbo ina mabega ya mviringo, na raba zinaikandamiza kutoka upande wa ndani, zikivutwa juu kuelekea tairi. Ringi ya breki za waya za kubana pembeni ina kuta mbili bapa zilizosimama. Breki ya kubana pembeni ikifungwa kwenye ringi ya mabega ya mviringo, raba inagusa sehemu ndogo tu, inateleza na kulika upande mmoja. Mwenye ringi ya fimbo ana njia mbili: kubaki na breki za fimbo na kubadili raba, viungo na fimbo zilizochakaa, au kubadili ringi pamoja na breki. Vipuri vya fimbo vya Phoenix, Hero au Avon mara nyingi hukubali, ila ni vizuri kwenda dukani na fimbo ya zamani ili kulinganisha urefu.

Kwa baiskeli za mbio za chuma, zile nyembamba zinazoingia nchini kama mitumba, breki za kubana pembeni ndizo zake. Hapo kipimo muhimu ni umbali kutoka tundu la skrubu ya breki hadi katikati ya ukuta wa ringi. Mikono ya breki mpya inapaswa kufika hapo bila raba kugusa tairi wala kuning'inia chini ya ringi. Anayetoa ringi ya zamani ya inchi 27 na kuweka ya 700 ajue kuwa raba italazimika kushuka milimita 4. Anayetoa ya inchi 28 ya Raleigh na kuweka ya 700, italazimika kushuka milimita 6 na nusu. Ni kidogo kwa macho, lakini inatosha kuifanya breki ishindwe kufika.

Skrubu nayo inatofautiana. Breki za zamani zina skrubu ndefu inayofungwa na nati ya kawaida nyuma ya uma. Nyingi za siku hizi zina nati ya kuzama inayohitaji tundu pana zaidi. Ni salama kutafuta breki ya skrubu ndefu kuliko kuutoboa uma unaobeba uzito wote wa mbele.

Mkono wa kubania pia uendane na breki. Breki ndefu za mtindo wa V zinahitaji waya uvutwe mbali zaidi kuliko mikono ya zamani inavyoweza kuvuta. Zikichanganywa, mkono hugota kwenye usukani kabla ya gurudumu kushikwa. Waya na ganda lake vibadilishwe pamoja, kwa sababu waya mpya ndani ya ganda lenye kutu hukwama.

Mvua na mteremko

Ringi ya chuma ina udhaifu mmoja mkubwa: ikilowa, raba huteleza na breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ringi ya alumini hushika vizuri zaidi kwenye maji. Kwa anayepanda na kushuka Soni wakati wa masika, fedha ya kubadilisha ringi ya mbele kuwa ya alumini, pamoja na breki inayooana nayo, ina faida kuliko kununua breki ya bei kubwa na kuifunga kwenye chuma. Anayebaki na chuma abane breki kidogo kidogo mapema ili kufuta maji, asisubiri kona.

Joto pia ni adui. Mpandaji, baiskeli na mzigo vyenye jumla ya kilo 150 vikishuka mita 1,000, nguvu inayotakiwa kuzuiwa inatosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji. Sehemu inachukuliwa na upepo, inayobaki inaishia kwenye breki. Breki ya kukanyaga kinyumenyume iliyo ndani ya habu inafaa kwenye tambarare za Mombo na mashamba yake ya mpunga, lakini kwenye mteremko mrefu grisi yake huungua. Isitegemewe peke yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, hivyo mwenye fedha ya breki moja tu aanze na hiyo, na ya nyuma ifuate haraka.

Kabla ya kupanda mlimani, breki mpya ijaribiwe kwanza hapo Mombo kwenye tambarare: bila mzigo, kisha na mzigo kamili, kisha baada ya kumwagia ringi maji. Ikiwa baiskeli haisimami vizuri kwenye tambarare, haitasimama Soni. Gharama ya kurudi kwa fundi siku hiyohiyo ni ndogo, na muuzaji wa vipuri anayetaka mteja arudi tena atamwuliza swali moja kabla ya kupokea fedha: ringi yako ni ya aina gani?